Bunduki ya seti ikiua, kesi inamwendea nani?

Swali ambalo watu hawaachi kuliuliza kuhusu kifo cha Halyna Hutchins, aliyeuawa kwa risasi kwenye seti, yaani mahali filamu inaporekodiwa, ni moja tu, mwigizaji Alec Baldwin aliyekuwa ameshika silaha alivuta triga au hakuvuta? Miaka imepita na bado ukigusa hii mada watu wanagawanyika timu mbili, hawa wanasema muuaji, wale wanasema kaonewa, na mimi ambaye nimeufuatilia huu mkasa tangu mwanzo, kesi zote mbili nikaziangalia zikirushwa moja kwa moja hadi macho yakawa mekundu, nimebaki na msimamo kwamba swali la triga ndilo lenye faida ndogo kuliko yote. Manake hata likijibiwa leo bado hujajua risasi ya moto ilifikaje mahali ambapo haikutakiwa kuwepo hata moja, na hujajua nani aliyepanga ile kazi iende vile ilivyokuwa inaenda.

Tukumbushane kidogo. Tarehe 21 Oktoba 2021, shamba la Bonanza Creek, karibu na mji wa Santa Fe, jimbo la New Mexico, Marekani. Wanashuti filamu ya makauboi inaitwa Rust. Mchana ule wapo ndani ya kanisa la mbao na hata kurekodi hawajaanza, wanapanga shoti tu: Baldwin amekaa kwenye benchi anafanya mazoezi ya kuchomoa rivolva kutoka kwenye ala ya upande wa pili wa mwili, na karibu na kamera yupo Hutchins, sinematografa, yaani mkuu wa picha za kamera, miaka 42, mzaliwa wa Ukraine, anaangalia silaha itakaaje kwenye fremu. Ikalia. Risasi ikapenya mwili wa Hutchins ikatokea ikaenda kukwama kwenye bega la mwongozaji, Joel Souza. Souza akapona. Hutchins akakimbizwa kwa helikopta hospitali ya Albuquerque na akafariki.

Sasa kabla hatujaenda kwa mahakimu na mawakili lazima tuelewane kuhusu risasi, kwa sababu mabishano mengi ninayoyaona yanaanzia kwenye kutokujua kilichokuwa ndani ya ile silinda.

Watu wanadhani bunduki za filamu ni midoli. Zipo za mpira na za plastiki, kweli, zinatumika kwenye shoti za mbali au mtu akianguka nayo, ila nyingi zinazoonekana kwa karibu zimekuwa ni silaha kamili. Ile ya Rust ilikuwa rivolva ya Pietta, kampuni ya Italia inayotengeneza nakala za bastola za Colt za zamani, na unakala wake ni wa umbo na enzi tu, kwa kuua inaua vizuri kabisa. Kwahiyo usalama wote unategemea ulichoweka ndani, na vya kuweka ndani vipo vya aina tatu.

Kuna risasi ya moto, hiyo kila mtu anaijua, ganda, kiwashio nyuma, baruti katikati, kichwa cha madini mbele. Kuna risasi baridi, hii ina kiwashio na baruti ila haina kichwa, mdomo wa ganda umekunjwa au umezibwa, ukifyatua unapata mlio na moto na moshi kwa ajili ya kamera. Wengi wakisikia haina kichwa wanaona basi haina madhara, na hapo ndipo mwigizaji Jon-Erik Hexum alipofia. Oktoba 1984, yupo kwenye seti ya tamthilia ya televisheni, kazi imechelewa, anasubiri, akachukua rivolva ya .44 yenye risasi baridi akaiweka kwenye panja, pembeni mwa kichwa chake, kwa mzaha akafyatua. Hakukuwa na kichwa cha risasi kweli, lakini ile nguvu ya gesi inayotoka kwenye mtutu ikavunja fuvu na kipande cha mfupa kikaingia kwenye ubongo. Siku 6 baadaye akafariki, alikuwa na miaka 26.

Halafu kuna ya tatu ambayo ndiyo yenye mtihani, risasi bandia. Hii ina ganda na ina kichwa, kwa nje ni risasi kabisa, ila ndani hamna baruti na kiwashio ama hakipo ama kimeshakufa. Kwanini wanaihitaji? Kwa sababu rivolva ukiipiga picha kutoka mbele vile vichwa vinaonekana kwenye matundu ya silinda, silinda ikiwa tupu mtazamaji anaona tupu. Na kwa kuwa imetengenezwa ifanane na ya moto, mafundi wanaweka alama, wengine wanatoboa tundu ubavuni mwa ganda, wengine wanatia gololi ndogo ndani ili ukiitikisa karibu na sikio ilie kama kayamba. Ya moto hailii. Yaani teknolojia yote ya kutenganisha kifo na maigizo ni mtu kuokota risasi moja moja, kuitikisa, kusikiliza, kuitia. Rivolva ya aina ile inaingia risasi 6, na zinaingizwa moja moja kupitia kilango cha pembeni, kwahiyo huwezi hata kusema umezijaza kwa haraka bila kuzigusa.

Kilichomuua mwigizaji Brandon Lee kinaonyesha hizi aina zikichanganywa ovyo inakuwaje. Machi 1993, Wilmington, North Carolina, filamu ya The Crow. Walihitaji risasi bandia kwa shoti ya karibu, badala ya kununua zilizotengenezwa kiwandani wakachukua za moto wakatoa vichwa, wakamwaga baruti, wakarudisha vichwa, ila kiwashio wakakiacha kikiwa hai. Kiwashio peke yake kina nguvu ndogo lakini ilitosha kusukuma kichwa kimoja hadi ndani ya mtutu na kikakwama humo, na hakuna aliyekiona. Baadaye bastola ileile ikatiwa risasi baridi kwa ajili ya shoti nyingine, mtaalamu wa silaha alikuwa amesharuhusiwa kwenda zake, mwigizaji mwenzake akamlenga Lee akafyatua kama skripti inavyosema, na baruti ya ile risasi baridi ikakitoa kichwa kilichokwama kikiwa na kasi ya kuua. Alikuwa na miaka 28. Ukitaka kujua kosa lilikuwa wapi utakuta makosa mawili ya watu wenye nafasi tofauti, siku tofauti, na katikati yao mtu ambaye angeangalia tu kama mtutu upo wazi. Hakuna aliyeshtakiwa kwa jinai. Idara ya usalama kazini ilipiga kampuni faini ya dola 84,000, ikapunguzwa hadi 55,000, na familia ikamalizana na watengenezaji kwa kesi ya madai. (Mimi hii ya faini kupunguzwa huwa inanishangaza kila nikiikumbuka, na utaona inajirudia.)

Turudi New Mexico. Wachunguzi walikuta risasi za moto 6 kwenye seti ya Rust ukihesabu na ile iliyoua, zingine zilikuwa zimeshafika hadi kwenye mikanda ya waigizaji. Miongozo ya Hollywood, ile taarifa namba 1 ya kamati ya pamoja ya vyama vya wafanyakazi na waajiri, imeandika wazi kwamba risasi za moto hazitakiwi kwenye seti, na kila silaha ichukuliwe kama imejazwa. Zilitoka wapi basi? Upande wa mashtaka ulisema ni msimamizi wa silaha, Hannah Gutierrez-Reed, aliyezileta bila kujua, utetezi ukamnyooshea kidole aliyesambaza silaha na risasi, na yeye akakana. Lakini sikia, hata kama zingeshuka kutoka mbinguni, kile kitendo cha kuzitikisa kilikuwepo kwa ajili ya siku kama ile.

Na hapa sina utetezi kwa Hannah. Yeye ndiye aliyeijaza ile rivolva. Kama angezitikisa zote 6 ingegundulika, hiyo ndiyo kazi yenyewe, hata usipojua kitu kingine chochote kuhusu silaha hiyo lazima uijue. Alikuwa na miaka 24, baba yake ni mkongwe wa hiyo hiyo fani, na video zilizoonyeshwa mahakamani zilionyesha nidhamu ya silaha iliyolegea mno. Juri, yaani jopo la raia wanaoamua hatia, ilichukua chini ya masaa matatu kumkuta na hatia ya kuua bila kukusudia, hiyo ilikuwa tarehe 6 Machi 2024, na mwezi uliofuata Jaji Mary Marlowe Sommer akampa miezi 18 jela, ambayo ndiyo kiwango cha juu kabisa kwa kosa hilo. Sawa.

Ila nenda kasome ripoti ya idara ya usalama kazini ya New Mexico uone mazingira aliyokuwa anafanyia kazi. Yule binti alikuwa na vyeo viwili kwa wakati mmoja, msimamizi wa silaha na msaidizi wa vifaa vya seti, na siku ambazo mkataba ulimlipa kama mtu wa silaha zilikuwa chache, zilizobaki anabeba vifaa. Uongozi wa filamu ukamlaumu kwa maandishi kwamba anatumia muda mwingi sana kwenye silaha na anaacha kazi za vifaa. Ngoja nirudie kwa sababu mara ya kwanza nilidhani nimesoma vibaya: kwenye filamu ya makauboi, yenye rivolva na bunduki kila kona, msimamizi wa silaha analaumiwa kwa kushughulika sana na silaha. Na siku 5 kabla ya kifo silaha zilikuwa zimeshafyatuka bila kutarajiwa palepale kwenye seti, zikiwa na risasi baridi, mtu mmoja wa kru akatuma ujumbe kwa mabosi kwamba hali ni ya hatari, na hakuna uchunguzi wa maana uliofanyika. Asubuhi ya siku yenyewe karibu timu nzima ya kamera ilifungasha ikaondoka, wanalalamikia malazi, malipo na usalama, na mmoja wao kwenye barua pepe yake ya kuacha kazi alizitaja hizo silaha. Wakaletwa wengine, kazi ikaendelea.

Idara ilisema uongozi ulijua taratibu hazifuatwi na haukujali. Ikapiga kampuni faini ya dola 136,793, kiwango cha juu kinachoruhusiwa na sheria ya jimbo, mwezi Aprili 2022. Mwaka uliofuata wakakubaliana iwe 100,000. Filamu yenyewe bajeti yake ilikuwa kama dola milioni 7. Piga hesabu mwenyewe.

Halafu kuna yule msaidizi wa kwanza wa mwongozaji, David Halls, ambaye kwenye seti za Marekani ndiye anayebeba dhamana ya usalama wa kila siku. Ndiye aliyetangaza kwa sauti kwamba ile silaha haina kitu. Mahakamani alikuja kukubali kwamba alizembea, hakuangalia risasi zote kwenye silinda. Na nani hasa aliyemkabidhi Baldwin ile rivolva, maelezo ya mwanzo yalisema Halls, yeye alipopanda kizimbani akasema ni Hannah. Hakupinga shtaka la kutumia silaha kwa uzembe, akapewa miezi 6 ya kuangaliwa akiwa nje, hakulala jela hata usiku mmoja kwa hukumu hiyo. Alikuwa wa kwanza kumalizana na waendesha mashtaka, na mimi nadhani kuwahi huko kulimfaa kuliko hoja yoyote ya kisheria.

Kwa Baldwin sasa. Alisema kwenye televisheni Desemba 2021 kwamba hakuvuta triga. FBI, wapelelezi wa serikali kuu ya Marekani, wakaipima ile silaha, wakasema ikiwa nyundo, ile sehemu ya nyuma inayogonga kiwashio, imevutwa hadi mwisho haiwezi kulia bila triga kuvutwa, ila katika kuipima waliigonga hadi vipande vya ndani vikavunjika, na mawakili wake wakapata cha kusemea. Akashtakiwa Januari 2023, mashtaka yakafutwa Aprili, akashtakiwa tena Januari 2024, kesi ikaanza Julai. Siku ya tatu tu ikafa. Kumbe kuna risasi zilizodaiwa kuhusiana na mkasa huu ambazo askari mstaafu, rafiki wa baba yake Hannah, alizipeleka ofisi ya sherifu, tena siku ileile Hannah anakutwa na hatia, na zikahifadhiwa chini ya namba nyingine ya faili na upande wa utetezi haukuambiwa. Jaji akashuka kitini kwake akaenda kuikata bahasha ya ushahidi kwa mkono wake mbele ya kamera, na jioni yake, tarehe 12 Julai 2024, akaifuta kesi kwa namna ambayo haiwezi kufunguliwa tena.

Watu walisherehekea au walikasirika kutegemea timu yao, lakini mimi kilichoniuma kilitokea siku chache kabla ya hapo na hakikupata vichwa vya habari vikubwa. Jaji aliamua kwamba Baldwin kuwa mmoja wa maprodyuza wa filamu hakuhusiani na shtaka, kwahiyo juri isisikie habari hizo. Kisheria naelewa, shtaka lilikuwa kuhusu alichofanya na silaha mkononi, na kuwa prodyuza kwa jina siku hizi mastaa wengi wanapewa hata kama hawaajiri mtu wala hawagusi bajeti. Ila ona matokeo yake. Juri ya kwanza ilimhukumu aliyejaza silaha, juri ya pili iliwekwa imuangalie aliyeishika, na hakuna juri hata moja iliyopewa kuamua suala la nani alikata siku za msimamizi wa silaha, nani alisoma ule ujumbe wa silaha kufyatuka akauacha, nani aliamua watu wa kamera wakiondoka asubuhi basi mchana tuendelee tu. Hao wote wamejificha ndani ya jina la kampuni, na kampuni ilikubali kulipa dola 100,000.

Mtu ataniambia jinai haiwezi kwenda juu namna hiyo, inahitaji mtu na kitendo. Inaweza. Februari 2014 huko Georgia mwongozaji Randall Miller alipeleka watu wake kwenye daraja la reli kushuti filamu ya Midnight Rider wakati kampuni ya reli ilikuwa imewakatalia ruhusa, treni ikaja, na msaidizi wa kamera Sarah Jones, miaka 27, akafa. Miller hakumgusa mtu yeyote kwa mkono wake. Alikiri kosa la kuua bila kukusudia na akaenda jela, alitumikia kama mwaka mmoja. Tofauti ni kwamba kule kulikuwa na makaratasi yanayoonyesha uongozi ulijua hauna ruhusa. Na Rust je, ule ujumbe wa simu na ile barua pepe vilikuwa nini kama sio makaratasi?

Kuhusu mwigizaji anatakiwa kukagua silaha au hapana, hapa ndipo watu wanapotukanana zaidi kwahiyo niseme langu nipite. Chama cha waigizaji SAG-AFTRA kilisimama na kusema sio kazi ya mwigizaji kuwa mtaalamu wa silaha, mwigizaji George Clooney akasema yeye kila akipewa anafungua anaangalia na anamwonyesha mwenzake. Wote wana pointi. Mwigizaji akianza kuzitoa na kuzirudisha risasi mwenyewe anaharibu kazi ya aliyezipanga, hiyo ni hatari nyingine. Lakini kuonyeshwa, yaani msimamizi anasimama mbele yako na mbele ya atakayekuwa upande wa mtutu, anazitoa, anatikisa, mnasikia wote, anarudisha, hilo halihitaji utaalamu na halimalizi hata dakika mbili. Nisingekubali kulengwa na mtutu bila hilo, hata wa mazoezi, na mazoezi hasa, manake kwenye mazoezi ndipo kila mtu anapolegea. Tena ile siku silaha halisi haikuwa na sababu ya kuwepo mle kanisani, kwa kupanga kamera ya mpira ingetosha.

Yapo yaliyobadilika. Tamthilia ya The Rookie ilitangaza siku moja baada ya kifo hicho kwamba haitatumia tena silaha halisi, wanatumia za hewa na moto wa mtutu unawekwa kwenye kompyuta, na mwigizaji Dwayne Johnson akasema kampuni yake nayo itaacha silaha halisi na gharama watabeba. Rust yenyewe ilimaliziwa Montana mwaka 2023 bila silaha inayoweza kufyatua, mume wa marehemu akiwa prodyuza mtendaji kama sehemu ya makubaliano yao. Hannah alitoka jela Mei 2025.

California nayo ilipitisha sheria mwaka 2023 inayobana risasi za moto kwenye seti, na kuna kipengele ndani yake ambacho naona wengi walikiruka: filamu inayotaka nafuu ya kodi ya jimbo lazima iajiri mshauri wa usalama anayetathmini hatari za seti nzima. Wameiunganisha na nafuu ya kodi. Hiyo inasomwa na watu wa bajeti, wale wale wanaoamua msimamizi wa silaha alipwe siku ngapi, na inasomwa kabla kamera haijafika lokesheni. New Mexico nayo inatoa nafuu ya kodi kwa filamu, tena kubwa, na ni moja ya sababu filamu nyingi za makauboi zinashutiwa kule.